Majani ya Kilio ku Barabara ya Kimemi

Mimi Kambale, kitu ya kunishangaza mu hii dunia haiko. Nilikuwa chef wa cellule yetu, kipande ya mutaa, hapa Kimemi mu Butembo, miaka kumi na ine, na ile yenye sikuona, haistahili kuonekana. Nilikata maneno ya bibi wawili wenye walikuwa wanagombania mulango moja. Nilipatanisha pasta na mwimbishaji wake juu ya mutungi wa kasiksi, pombe ya ndizi. Nilikamata mwizi wa bata kwa kuita bata kwa jina yake, na bata ikaitika ndani ya gunia. Leo nimepumuzika. Niko na depot yangu ya mbao yenye nilijenga na hii mikono, kuanzia chukudu moja, baiskeli ya mbao ya kusukuma, ya kubeba makala ya kupikia. Na ninyi bachef wapya wa cellule na wa avenue munakujaka kukaa ku mbao yangu na kuniuliza: "Papa Kambale, kazi hii inafanywaka namna gani?" Donc naandika. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu ya primaire tu, mais ile miaka tatu niliisoma muzuri kupita wenye walisoma kumi na mbili.

Siku ya kwanza, chef wa mbele yangu, mzee Muhindo, aliniita kwake asubui. Nilivaa koti. Niliwaza atanipa ofisi. Alinipa kaye ya kurasa mia, filimbi ya chuma, na kamba ya metre kumi yenye mafundo, fundo moja kila metre.

"Ofisi iko wapi, papa?"

"Ofisi ni miguu yako. Vua koti, twende."

Tulipita ku kila lupango, kila kiwanja, kutoka muto mudogo mpaka barabara kubwa, nyumba zaidi ya mia mbili. Kwenye walitupa kiti, tulikaa. Kwenye hawakutupa kiti, tulikaa vilevile, ku jiwe. Njiani alinifundisha. Filimbi ni ya siku ya salongo tu, wakati batu wote wanatoka na majembe kusafisha caniveau, mitaro ya maji. "Ku mulango ya mutu, gonga na mukono," alisema. "Ukipiga filimbi ku mulango yake, umemuita kama mbuzi, naye atakujibu kama mbuzi." Juu ya kamba alisema neno moja tu: "Kamba haina shemeji." Nilielewa ile neno mwaka wa pili, wakati shemeji yangu alijenga ukuta wake ndani ya caniveau, na mimi nikapima mbele ya avenue yote, na ukuta ikabomolewa. Bibi yangu alinipikia maharagi bila chumvi wiki tatu. Kazi ni kazi.

Kingine chenye nilijifunza peke yangu: ku salongo, chef anaingia ndani ya matope wa kwanza. Ukisimama pembeni na viatu safi, batu nao watakuja na viatu safi. Mimi nilikuwa naingia mpaka magoti, na kwetu caniveau zilikuwa za kwanza mu Kimemi yote. Uliza mutu yeyote. Uliza hata wenye hawanipende.

Sasa barabara.

Wakati barabara ilikuwa mbaya, mashimo njo ilikuwa polisi yetu. Fuso ya mizigo ya kutoka Beni ilikuwa inashuka kilima yetu polepole kama mama mwenye mimba, na batoto walikuwa wanaipita kwa miguu na kumusalimia chauffeur. Halafu mashini ya kulainisha ikakuja. Tuliichezea, tuliiimbia, mimi mwenyewe nilimupa mwenye kuiendesha jogoo. Wiki ileile mbuzi mbili zikakanyagwa. Mwezi ule moto moja, pikipiki, ikaingia ndani ya kibanda ya nyanya. Na kisha ikawa Katungu.

Katungu ni fundi wa kushona. Masikio yake haisikiake chochote tangu utoto. Alikuwa na mashini yake ku baraza ya Mama Kyakimwa, mujane mwenye nyumba pembeni ya barabara, na alikuwa na wasichana watatu wenye anawafundisha kazi. Nguo zake, hata bamama wa Beni walikuwa wanaziagiza. Mais robine ya maji iko ngambo ingine ya barabara. Kila siku anavuka na bidon ya kuchota maji, na moto yenye inashuka bila kupunguza, yeye haisikie. Siku moja motard, mwenye kuendesha moto, alipiga klaxon, honi yake. Klaxon kwake ni kama kuipigia muti. Mukono wa kuume ulivunjika mahali mbili.

Kaka yake Paluku, mulimaji wa kakao kule Oicha, alikuja kumuangalia. Alisimama mbele yangu na kofia ku mukono, na hasira ku macho.

"Chef, dada yangu nilimuacha hapa na mikono mbili. Namuona na moja. Mwisho wa mwezi ujao nakuja kumubeba na mashini yake. Oicha kuko kakao. Kakao haikimbiake na matairi."

Katungu aliona midomo yetu na akaelewa. Alipiga kifua yake na mukono muzima, akapiga mashini, akaonyesha chini, pale pale kwenye tulikuwa. Kisha akaninyooshea kidole na kufungua mukono, kama mutu anayeuliza bei.

"Anasema nini?" nikamuuliza Mama Kyakimwa, juu yeye anaelewa mikono yake.

"Anasema hapa njo kwake, haendi Oicha. Na anauliza: wewe ni chef ya nini?"

Vijana wangu, hiyo iliingia. Watu walinitukana mu miaka kumi na ine na Kinande, na Kiswahili, na Lingala ya basoldat, na sikupoteza usingizi. Huyu alinitukana bila sauti, na nililala macho wazi.

Nikaita mukutano wa cellule. Niliomba dodane mbili, matuta ya kupunguzisha gari na moto, moja juu ya robine na moja chini. Bamama wote: ndiyo. Moïse, président wa bamotard wa parking yetu, kijana wa mudomo murefu, akasimama.

"Papa chef, moto ikipunguza pale, kilima itaipanda na nini? Wewe ulizoea chukudu. Chukudu haina moteur."

"Chukudu yangu haikuvunja mukono ya mutu," nikamujibu, na alikaa. Mais kukaa hakukuwa kukubali.

Nilipeleka barua. Mwalimu mumoja aliniandikia kwa Kifaransa, kurasa mbili, na maneno mazuri yenye mimi mwenyewe sikuelewa. Nilienda ofisi moja, wakanituma ingine, ile ingine ikanirudisha ku ya kwanza. Mutu moja wa ofisi, mwenye adabu vraiment, aliniambia: "Papa, hii barabara ni ya taifa. Cellule yako inaanzia ku caniveau." Akaniahidi technicien wa kukuja kupima. Nilimungojea kama Wakristu wanavyongojea Bwana: na imani, mais bila saa.

Donc tulifanya dodane yetu ya udongo, siku ya salongo. Andikeni hii mu kaye zenu, ni kosa yangu na ninaitoa bure: tuliifunga kutoka caniveau mpaka caniveau, bila kuacha njia ya maji. Mvua ya Butembo hamuijui? Siku ya tisa maji ilikusanyika nyuma ya dodane, ikaibeba yote, ikaiweka ndani ya salon ya Mama Kyakimwa. Alituita mashahidi wa upumbavu. Wiki mbili zilikuwa zimebaki Paluku arudi.

Wengine waliniambia: weka magogo. Nilikatala. Kwetu, chauffeur akiona muti imelala ku barabara, hawazi dodane. Anawaza watu wenye bunduki wamejificha, anarudi nyuma mbio ao anapita mbio zaidi, na kisha basoldat wanakuja kuuliza nani ameweka bariere. Hapana.

Ni wakati ule mzee mumoja wa avenue ya juu alikufa, kifo ya uzee, kifo muzuri. Munajua desturi. Kabla hata ya kuita padri, vijana wanakata majani ya migomba na kuyatandika ku barabara, huku na kule ya nyumba ya kilio. Hakuna panneau ya barabara, hakuna polisi. Nilikuwa nimekaa pale ku matanga, na nikaona Fuso yenye mizigo mpaka mawinguni inapunguza mpaka inatembea kama mutu. Nikaona Moïse mwenyewe anazima muziki, anazima moteur, anashuka, anasukuma moto kwa mukono mpaka amepita majani. Nikawaza: tazama Kambale, serikali yako iko ku mugomba.

Siku ya kuzika ikapita. Kesho yake asubui, mbele batu waamuke muzuri, nilikata majani ku migomba ya jirani na nikayatandika mimi mwenyewe, juu ya robine na chini yake.

Ilifanya kazi, vijana wangu. Ilifanya kazi kupita barua zote. Moto zilishuka kimya. Chauffeur mumoja wa kutoka Beni alitoa kofia. Na Katungu, na mukono moja ndani ya plâtre ya hospitali, alivuka na bidon yake polepole, bila kugeuza kichwa, kama mutu anapita mu nyumba yake. Nilisimama ku baraza na mikono nyuma. Mama Kyakimwa aliniuliza: "Chef, nani amekufa?" Nikamujibu: "Usiulize sana." Alinitazama murefu, kisha akaingia ndani ya nyumba yake, juu hata yeye alikuwa ameona bidon ikivuka.

Siku ya tatu walikuja bamama wa shirika ya avenue ya chini, kumi na wawili, vikwembe vimefungwa ku kiuno, na kuni ku kichwa, maharagi, na bahasha ya muchango.

"Chef, kilio iko ku nani?"

Pale njo nilipaswa kusema kweli. Mais nikawaza: nikisema hakuna maiti, mbele ya jua kutua kila motard atajua, na kesho moto zitaruka, na Paluku atafunga mashini na kamba. Nikafungua mudomo, na mudomo ikatoa hii: "Ni yetu, bamama. Ni ya famille. Kule Beni."

"Pole, baba! Mungu Nyamuhanga akutie nguvu." Wakaweka kuni chini, wakaanza kulia ku baraza, na mimi nikalia nao kidogo, juu ya adabu.

Sasa muangalie namna uongo inapandaka gari. Mama mumoja kati yao ako na dada Beni. Akamupigia: pole kwa kilio ya famille ya Kambale. Yule dada akaenda mu commune ya Ruwenzori, kwa yaya yangu Masika, dada yetu mukubwa, kumupa pole. Yaya Masika anajua batu wake wote, na Beni hakuna mwenye amekufa. Akahesabu, akaona anakosa mumoja. Akanipigia. Telefone yangu ilikuwa inangoja courant ya umeme kwa jirani tangu jana. Haikuitika.

Siku ya tano, saa sita kasoro kidogo, nilikuwa katikati ya barabara nabadilisha majani yenye yalikuwa yamenyauka. Minibus ikashuka polepole, majani imefungwa mbele yake, ndani batu wanaimba nyimbo ya maiti. Nikasogea pembeni, nikavua kofia, kama mutu mwenye adabu. Minibus ikasimama. Yaya Masika akashuka wa kwanza, kichwa kimenyolewa, analia:

"Kambale yangu, eeh! Ulikuwa na majivuno, mais ulikuwa na roho! Nani atatusumbua sasa? Nani atatuambia yeye njo wa kwanza?"

Nyuma yake wakashuka bandugu wa kiume, kila mumoja na jembe ya kuchimba kaburi.

"Yaya," nikasema, na jani ku mukono, "njo mimi."

Alikuja polepole, akanigusa paji, akanigusa masikio. Kisha akanipiga kofi yenye motard wa ku parking waliisikia.

"Nimenyoa kichwa! Munyama wewe! Nimenyoa kichwa!" Na saa ileile akanikumbatia na akalia upya, na hii kilio ya pili ilikuwa kubwa kupita ya kwanza.

Ku mwanzo niliandika kama kitu ya kunishangaza haiko. Hii nayo haikunishangaza. Iliniumiza shavu.

Mzee Muhindo aliitwa. Alikaa ku kiti ya Mama Kyakimwa, batu wa Beni upande moja, cellule upande ingine, bamotard wamesimama ku moto zao wanafurahi. Sikuficha. Nilisema yote: barua, udongo, majani, uongo kwa bamama. Nilisema pia kwa sababu gani. Mzee alisikiliza macho imefungwa.

"Majani ya kilio yalilala siku tano ku barabara," alisema. "Hayatoke bure. Mwenye aliita kifo bila kifo, anachinja mbuzi, analisha wenye walikuja kumulilia, anawalipia gari ya kuja na kurudi. Muchango wa kilio haurudishwe ku mwenyewe, ni mwiko. Na wewe Kambale, unaomba bamama musamaha, mumoja mumoja, kwa jina."

Niliomba. Mumoja kati yao alinifanya nirudilie mara mbili, anasema hakusikia muzuri.

"Na majani tunayatosha ku barabara?" Moïse akauliza kutoka ku moto yake, na meno inje.

Mbele mutu amujibu, Katungu akasimama. Hakuna mutu alikuwa amemutafsiria, na hakukuwa na haja. Alishuka ndani ya caniveau, akatosha jiwe kubwa na mukono yake moja, akaibeba ku tumbo, akaiweka katikati ya barabara, juu ya majani. Akarudi. Akachukua ya pili. Alipokuwa anainama ku ya tatu, plâtre yake ikagonga ukuta ya caniveau, na uso wake ukakunjamana. Mais aliibeba.

Mzee Muhindo akafungua macho na akatazama bandugu zangu wa Beni.

"Majembe hizo zilikuja kuzika," alisema. "Hazitarudi kavu."

Kaka yangu mudogo njo alianza. Kisha wote. Mimi nilituma batu ku depot yangu kuleta mbao za kofraje, za kushika simenti mpaka ikauke, na nikanunua simenti. Muchango wa kilio ulinunua muchanga. Mawe tulitosha ku muto. Hapa mujifunze kazi: dodane muzuri iko na mapana ya metre tatu na nusu, na kimo chini ya shubiri moja. Ukiisimamisha kama ukuta, moto zinaanguka na bamama wenye mimba wanakulaani. Pembeni mbili acha njia ya maji, kila moja ya mapana ya jembe mbili. Pima na kamba, hapana na macho. Yaya Masika alikuwa anapima nyuma yangu, juu hakuniamini tena.

Yule mutu mwenye adabu wa ofisi alipita saa nane. "Ni nani amewapa ruhusa?" Mzee Muhindo akamuonyesha bamama na vikwembe ku kiuno na yaya yangu na kichwa chake kama yayi. "Hii ni kazi ya kilio, mwanangu. Ukitaka kuisimamisha, uisimamishe wewe mwenyewe, mbele yao." Alitazama bamama. Alitazama saa yake. Akasema technicien atakuja kuangalia, na technicien alikuja kweli, kisha ya miezi tatu, akaipima na akasema ni muzuri. Na Moïse? Alicheka mpaka saa tisa. Kisha akaona bazee wanabeba muchanga ku kichwa, na haya ikamukamata. Moto kumi na moja zilibeba muchanga mpaka jioni. Sitamusifu sana, atasoma hii.

Bachauffeur walipata habari yote mbele simenti ikauke. Wakaiita Kaburi ya Kambale. Wanajua hakuna mutu chini, na hata hivyo hakuna mwenye anairuka. Wengine wanafanya alama ya musalaba. Mimi njo mutu wa pekee mu Butembo yote mwenye anavukaka kaburi yake kila asubui kuenda kununua mukate.

Mwisho wa mwezi Paluku akafika kutoka Oicha na moto yenye alikodi na kamba mupya ya kufunga mashini. Wasichana watatu wakaacha kushona. Katungu hakubishana naye. Alimupa bidon tupu ku mukono na akamuonyesha robine.

Paluku alisimama pembeni ya barabara na bidon kama mutu amepewa mutoto wa mutu mwingine. Fuso ilikuwa inashuka. Alirudi nyuma hatua moja. Fuso ikapunguza, ikapunguza, ikapanda dodane na gurudumu za mbele kama mutu anapanda ngazi ya kanisa, na chauffeur akamupungia mukono apite. Akavuka. Akajaza bidon, akarudi, na moto mbili zikamungojea. Akaweka bidon pembeni ya mashini.

"Chef," akaniuliza kwa sauti ya chini, "usiku pia wanapunguza?"

"Usiku zaidi. Wanaogopa."

Alikula kwa Mama Kyakimwa. Katungu alimufupishia suruali yake na mukono wa kushoto, ule wa kuume ulikuwa unajifunza tena kushika sindano. Saa kumi alipanda moto, na kamba yake ingali mupya, akaenda Oicha peke yake.

Mutaniuliza, juu munaulizaka, ilinigarimu ngapi. Mbuzi dola makumi tano na tano. Simenti mifuko munane, kwa dola kumi na tatu, dola mia moja na ine. Minibus ya Beni, kuja na kurudi, dola makumi tano. Jirani mwenye migomba alisema majani haikuwa ya bure, nikamulipa franga elfu ine. Na yaya Masika alikatala kurudi Ruwenzori na kichwa uchi mbele ya batu, nikamununulia kitambaa ya kichwa, dola munane. Jumla yake, dola mia mbili na kumi na saba, na franga elfu ine.